Mawaridi Yaliyochanua Mapema

...na yote yamechanua, ndoo nzima, halikubaki hata tumba moja la kubahatisha, mawaridi meupe yamepanua midomo kama wambea, na Bibi kayainamia, mkasi mkononi, na bintiye kasimama mlangoni pa chumba cha kufungia maua anasema neno, anasema Fundi kaanguka, kaangukaje naye anaoa saa nane, fundi bomba gani huyu asiyejua kusema hapana, asubuhi ya ndoa yake kapanda paa la mteja kuziba tangi, "Mama, unanisikia? Kaanguka toka juu, wamemfikisha hospitali hayupo tena," hayupo yuko wapi, si jana tu kakaa kwenye kigoda hicho anatafuna karanga za watu, anasema, "Bibi, mimi nataka yaliyofunguka, hayo matumba yako yamenuna kama wewe," naye akamjibu, "Mume wangu mdogo, hujui kitu, miaka arobaini nafunga maua, ya harusi ni matumba, yachanue pamoja na wenyewe, yaliyochanua ni ya jeneza, kazi yake siku moja," akacheka, pengo la meno nje, akasema penzi lake halina subira, na Bibi, ambaye hakumtii mwanamume hata yule aliyemuoa, akamwaga maji baridi akatia ya uvuguvugu toka kwenye birika ili yafunguke upesi, kwa ajili ya pengo lile la meno tu, na sasa haya hapa, maua ya msiba, kayaandaa kwa mkono wake, kamkatia mtoto wa watu siku... "Mama, nani atamwambia?" na chumba cha pili mjukuu anasukwa, anacheka na msusi wake, "Bibi, shada langu tayari au umesinzia?" laiti angeyaacha kwenye maji baridi, laiti angemfukuza na karanga zake, mkono huu, birika lile... hebu ngoja, ngoja kidogo, kizee wewe, tangu lini ua likajua nyumba ya mtu wa kufa, umejipa ukubwa gani wa kuua watu kwa birika la maji, paa lilikuwa linateleza, basi, wewe unataka kosa liwe lako kwa sababu mkosaji hukalishwa pembeni akapewa pole, hatumwi kugonga mlango wa mjukuu, na mlango wenyewe ni hatua tano toka hapa, na tangu bintiye afike yeye anabishana na mawaridi, na alimpenda yule mpumbavu, alimpenda na hakumpa hata neno moja tamu, "Mama, sema chochote basi," na mkasi bado uko mkononi, na bintiye bado yuko mlangoni, "Bibi?" anaita mjukuu tena, sauti bado ya bibi harusi, na Bibi anaiacha ibaki hivyo pumzi moja zaidi, maana anajua sasa ni yeye atakayeiondoa...