Mama Mdogo Hakufa kwa Tumbo

Mtaa mzima ulimwita Cheche, na jina likamkaa. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamke pekee katika safu ya karakana zilizo nyuma ya kituo cha mafuta, na aliyemletea maneno ya hovyo alijibiwa palepale, mashine ikiwa bado inawaka.

Siku aliyoamua kwenda kupima hakuwa anaumwa popote. Hilo ndilo lililomuudhi wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa amepita karakana kuulizia dirisha la chuma aliloagiza.

"Huumwi, halafu unakwenda hospitali kutafuta nini?"

"Kuwahi, wifi, kabla sijawahiwa."

"Ukitafuta ugonjwa utaupata."

"Basi niupate ungali mdogo."

Wifi akasogea karibu, akashusha sauti, ingawa grinda ya jirani ilikuwa inakata chuma kwa kelele za kuziba masikio. "Wanakuvua nguo, unajua? Mtu mzima na heshima zako, umelala chali, mtu baki anakuchungulia na taa. Katika ukoo wetu hatuna mambo hayo."

Siku nyingine Cheche angemjibu kwa mzaha. Siku ile mzaha haukumjia, kwa sababu alikuwa ametimiza umri aliokufa nao mama yake mdogo.

Mama mdogo ndiye aliyemlea. Alipoanza kutokwa damu wakati usio wake, aliambiwa ni mambo ya umri. Alipoanza kuumwa kiuno, akaambiwa apunguze kazi. Alipofikishwa kwa daktari, daktari alivua miwani kwanza ndipo akasema, na kila mtu akaelewa. Akalazwa chumba cha uani, dirisha wazi mchana na usiku kwa ajili ya harufu, na waliokuja kumjulia hali waliambiwa anaumwa tumbo. Hata msibani likawa tumbo. Cheche, msichana wa kufua mashuka, ndiye aliyeona yaliyokuwa kwenye mashuka yale. Alipofungua mdomo kuuliza, shangazi mmoja alimfinya hadi akalia, na watu wakadhani analilia maiti.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya kliniki alioga, akavaa gauni lenye kufunguka kwa urahisi, akaenda.

Dirisha la mapokezi lilikuwa na karani mwenye tai. "Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimekuja kupima mlango wa kizazi."

Alisema kwa sauti yake ya karakana. Wanawake wa kwenye benchi wakainua vichwa. Karani akatazama kalamu yake.

"Mumeo anajua? Ni vizuri uje naye, au akupe ruhusa."

Cheche akaegemea dirisha. "Kaka yangu, mume wangu ana mlango wa kizazi?"

Benchi lote likaangua kicheko. Bibi mmoja alipiga paja lake hadi mkoba ukaanguka.

"Hana," karani alisema polepole.

"Basi mwenye nao ndiye huyu amekuja. Niandikie."

Akaandikiwa.

Chumba kilikuwa kidogo, kina kitanda, pazia na taa yenye shingo ndefu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, na hakuwa na haraka. Kabla ya lolote alimshikisha kifaa mkononi. "Wengine wanakiita mdomo wa bata. Kinaingia kimefungwa, kisha nakifungua taratibu ili nione ndani. Utahisi baridi na kusukumwa. Ukisema niache, naacha."

"Halafu?"

"Halafu napaka siki kwa pamba. Siki kama ya jikoni, ila imepimwa. Nangoja kidogo. Penye seli zilizoanza kubadilika panageuka peupe. Na nikiona peupe, mama, usiruke kitandani. Si kwamba una saratani. Ni kitu ambacho kikiachwa miaka mingi kinaweza kuwa saratani. Ndiyo maana nakitafuta leo."

Hakuna aliyewahi kumweleza mama mdogo maneno hayo. Cheche alipanda kitandani na hasira, na hasira ile ilimfaa, kwa sababu haya zilipomjia zilikuta nafasi imejaa. Hata hivyo magoti yaligoma kuachana.

"Legeza. Vuta pumzi," alisema muuguzi. "Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa watatu, niache nifiche kidogo," Cheche akajibu, na wote wawili wakacheka, na katika kucheka huko magoti yakalegea yenyewe.

Ilikuwa baridi, kweli. Ikaja hali ya kusukumwa, kisha siki ikamwasha kidogo. Muuguzi akavuta taa karibu. Akanyamaza.

"Sema," alisema Cheche. "Usininyamazie. Nimenyamaziwa vya kutosha."

"Naona doa jeupe. Dogo."

Cheche akashika ukingo wa kitanda. "Nionyeshe."

Wengi hawaombi hivyo. Muuguzi akaleta kioo cha mkononi, akakiinamisha mpaka mwanga ukakaa sawa. Cheche akainua kichwa, akaona mahali pake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani: pekundu, pa mviringo, na pembeni weupe kama punje ya mchele.

"Ndicho kilichomla mama yangu mdogo?"

"Kama hicho, kilichoachwa. Chako hatukiachi. Kiko mahali pazuri, naweza kukitibu sasa hivi. Kuna kifaa, ncha yake inapata moto, nakigusisha hapo tu."

"Yaani unachoma?"

"Nachoma."

Cheche akarudisha kichwa kwenye mto. "Choma, dada. Hiyo kazi naielewa."

Tumbo la chini lilimkaba kama siku mbaya ya hedhi. Aliuma meno, akamtukana yule shangazi wa mfinyo kimoyomoyo, na kabla hajamaliza matusi yote, kazi ilikuwa imekwisha. Muuguzi akamweleza: majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, asishtuke. Mwezi mzima asilale na mumewe. Akipata homa, damu nyingi au harufu mbaya, arudi siku hiyohiyo. Na baada ya mwaka, aje apimwe tena.

Nyumbani alimkuta wifi kwenye kochi, na mumewe, dereva wa lori, ameketi ukingoni mwa kiti kama mgeni. Habari zilimtangulia. Cheche akawasimulia yote, hakuficha kitu.

"Utakufa?" mumewe aliuliza. Hakuuliza kingine.

"Sifi. Nimekwenda ili nisife."

Mume akashusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja. Lakini wifi alikuwa bado kwenye hesabu nyingine. "Mwezi mzima! Kaka yangu atakaa mwezi mzima?"

"Wifi, kaka yako hukaa barabarani mwezi mzima na lori, sijawahi kukuona ukimlilia."

Mumewe akakohoa kuficha kicheko. Wifi akakunja uso. "Haya. Ila nje yasitoke. Wakikuuliza, sema ulikwenda kwa tumbo."

Cheche akasimama.

"Mama mdogo hakufa kwa tumbo," alisema. "Alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Ndugu zangu walimzika na ugonjwa wa uongo ili wasione aibu, na binti zake wakakua hawajui wapime nini. Tumbo halikuwa na kosa. Mimi sitalisingizia. Atakayeniuliza nitamwambia, na asiyeniuliza nitamwambia pia."

"Unanifokea mimi, mkubwa wako?"

"Mwache aseme, dada," alisema mumewe.

Wifi alibeba mkoba wake, na alipotoka aliubamiza mlango. Miezi ikapita bila salamu.

Cheche alisema kama alivyoapa. Mwanamke akija kupima dirisha, ataulizwa kuhusu dirisha, kisha ataulizwa kama amepimwa mwenyewe. Mteja mmoja mwanamume alihamishia kazi yake karakana ya pili kwa sababu ya mdomo huo. Cheche alimsaidia kupakia vyuma vyake.

Mwaka ulipotimia alirudi kliniki. Siki ikapakwa, taa ikavutwa, na hapakuwa na weupe wowote.

Wiki iliyofuata wifi akatokea karakana, amevaa viatu vya kutokea, uso umemkaza. Alikuwa ameona tone la damu, yeye ambaye hedhi ilimkatika zamani. Hakulisema hilo mara moja. Kwanza alilalamikia kutu ya dirisha.

Alipolitaja, Cheche alizima mashine, akaandamana naye hadi hospitali. Kwa umri wake siki pekee isingetosha, waliambiwa, na damu baada ya hedhi kukoma si ya kupuuzwa. Daktari akamwangalia, akachukua majimaji kwa brashi ndogo na kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Kupitia pazia Cheche alimsikia wifi akigomba kwamba kifaa ni cha baridi, kwani hapa hakuna maji ya moto?

Walipotoka, wifi alishika ukuta. "Na majibu yakija mabaya?"

"Tutapigana nayo. Umekuja mapema."

"Umenitafutia balaa, wewe."

"Nimekutafutia daktari. Balaa tutalijua wote."

Majibu yalikuja: si saratani, ila kuna jambo la kutibu, na matibabu yake yapo. Wifi aliyasikiliza amekunja mikono kifuani. Daktari alipouliza kama angependa muda wa kufikiria, alivua viatu vyake vya kutokea, akavisukuma chini ya kiti.

"Nimefikiri mwaka mzima," alisema. "Anza."