Laini au Kali

Harufu ndiyo iliyomshtua Mbuke. Alikuwa ameinamia kompyuta kwenye karakana yao pale Mbalizi, pua ikapata harufu ya ngozi inayoungua. Alipogeuka, alimwona mdogo wake Bujiku amechuchumaa kando ya pikipiki iliyokuwa ikinguruma, ameinamisha kichwa anasikiliza injini, na mkono wake wa kulia umelala juu ya bomba la moshi.

"Bujiku! Mkono!"

Aliuondoa bila haraka, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole kidogo na kinachokifuata vilikuwa vimebabuka, ngozi imekunjamana.

"Hujahisi?" Mbuke aliuliza.

"Nimehisi."

"Hujahisi wewe. Ungehisi ungeruka."

Bujiku alizima injini, akakaa chini sakafuni. Ikabidi aseme. Tangu alipoanguka na pikipiki kwenye mawe yaliyo nyuma ya mji wa Mbeya wakati wa mvua, vidole viwili vilikuwa vimekufa ganzi. Mwanzoni vilikuwa vinachomachoma tu usiku, baadaye vikanyamaza kabisa. Alijifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto na kushika spana kwa vidole vitatu, na hakuna aliyegundua.

"Usimwambie Mayu," alisema, akimtaja mama yao kwa jina la Kisukuma walilomwita tangu utotoni. "Na usimwambie Liberatus. Akijua, ananikata jina. Tukimaliza Iringa nitaenda hospitali, dada. Nakuapia."

Liberatus ndiye aliyekuwa akiandaa mashindano ya kupanda mawe kwa pikipiki huko Iringa. Ule si mchezo wa mbio. Mtu anapanda mwamba taratibu, amesimama kwenye vikanyagio, na kila akigusa chini kwa mguu anahesabiwa kosa. Pikipiki yenyewe haina hata kiti, na kwa sababu hiyo watu wa Mbalizi waliicheka sana siku ndugu hao walipoileta. Waliuliza mgonjwa atakaa wapi, gunia la mchele litakaa wapi. Ilikuwa imeachwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akijenga barabara, na Bujiku alipoipanda mara ya kwanza Mbuke aliona uso wa mdogo wake ukibadilika. Bujiku alikuwa amekulia kwenye matope ya Usangu nyuma ya ng'ombe wa marehemu baba yao, kijana asiyependa maneno, ambaye hakuna mwalimu aliyemkumbuka. Juu ya mashine ile alikuwa mtu mwingine. Watu walisimama kumtazama.

Kazi ya Mbuke ilikuwa injini. Alisomea ufundi Mbeya mjini, akajifunza mwenyewe kuunganisha pikipiki na kompyuta na kubadilisha kile ambacho mafundi wanakiita mapu, yaani namba zinazoiambia injini inyunyize petroli kiasi gani na iwashe cheche wakati gani kila dereva anapokunja mkono wa mafuta. Pikipiki ilibeba mapu mbili kwa mpigo, na swichi ndogo kwenye usukani ilitosha kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Ya kwanza ilikuwa laini. Ukikunja mkono vibaya inakusamehe, nguvu inakuja polepole. Ya pili ilikuwa kali. Ukigusa tu, gurudumu la mbele linanyanyuka.

Bujiku siku zote alipanda kwa kali.

"Kwa mkono huo, hapana," Mbuke alisema akimpaka dawa kwenye vile vidole. "Hujui unakunja kiasi gani. Mapu kali itakutupa nyuma kabla hujajua."

"Na laini itazimika. Si unaijua injini hii? Ikiwa inazunguka polepole, ukipunguza mafuta kidogo tu, inakata. Haikohoi, haionyi."

Alisema kweli. Hilo ndilo lilikuwa gonjwa la injini ile ya mipigo minne, na Mbuke alikuwa amehangaika nalo muda mrefu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: Mbuke atatengeneza laini mpya, tulivu mwanzoni kwa ajili ya vidole vilivyokufa, lakini yenye nguvu ya kutosha katikati, na siku ya mashindano yeye ndiye atakayesema laini au kali kwenye kila mwamba, kwa sababu yeye ndiye angesimama chini kama msaidizi, na macho yake yangekuwa yameona jiwe kabla ya Bujiku kulipanda. Bujiku asipotaka hivyo, Mbuke anampigia Liberatus simu sasa hivi.

Bujiku alicheka kidogo. "We dada mkorofi."

Mbuke alibadilisha namba, Bujiku akajaribu, akazibadilisha tena. Kwenye miamba ya juu ya Mbalizi, jua likiwaka, mapu mpya ilimpandisha kila mahali. Mbuke alirudi karakana akiimba. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Iringa iliwapokea kwa manyunyu. Majabali yaliyochaguliwa yalikuwa nje ya mji, upande wa kwenda Tosamaganga, na asubuhi ile yaling'aa kwa maji kama mgongo wa kiboko. Liberatus, mtu mnene mwenye koti la mvua la rangi ya machungwa, alizunguka akiwauliza wapanda pikipiki kama waahirishe. Wote walikataa. Mika, kijana wa Kihehe aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Bujiku, alisema mvua ikiwatisha watu wa Iringa basi wahamie Dodoma, watu wakacheka.

Bujiku alipanda vizuri. Pale penye mizizi na udongo Mbuke alisema laini, penye ukuta mfupi mkavu chini ya miti alisema kali, na kila mara alikuwa amepatia. Ilipofika mchana Bujiku na Mika walikuwa sawa kabisa, na kulikuwa kumebaki mwamba mmoja.

Ulikuwa jabali refu lililolala kama paa la nyumba, kisha likasimama ghafla karibu na kileleni. Mbuke aliupanda kwa mikono na magoti, akapitisha kiganja juu yake. Chini palikuwa na utelezi wa kijani. Juu, pale panaposimama, palihitaji nguvu ya kufumba na kufumbua. Alishuka akiwa na mashaka, na mashaka hayo hakuyasema.

Bujiku alimtazama kutoka chini ya kofia yake. Midomo ilikuwa ya bluu kwa baridi. "Laini au kali?"

Mbuke aliwaza vile vidole. Aliwaza baridi ile, kwamba huenda sasa hata vitatu vilivyobaki havikuwa vikihisi sawasawa. Akaona gurudumu likinyanyuka na mdogo wake akiruka kichalichali.

"Laini."

"Pale juu itanitosha?"

"Itatosha."

Bujiku akabonyeza swichi.

Alipanda sehemu ya kwanza kwa namna iliyowafanya watu wanyamaze, tairi likitambaa juu ya utelezi bila kuteleza. Mbuke alipanda sambamba naye pembeni, mikono mbele, kama msaidizi anavyotakiwa. Jabali liliposimama, Bujiku aliinama mbele, akapunguza mafuta kidogo ili apate kujirusha. Injini ikakata. Mbuke alisikia maji yakidondoka kwenye majani.

Pikipiki ilisimama hewani kwa kitambo, kisha ikaanza kurudi. Mbuke alinyoosha mikono na kukamata kilichokuwa karibu naye, nacho kilikuwa usukani. Aliushika kwa nguvu zake zote, akaizuia mashine isimwangukie mdogo wake. Bujiku mwenyewe alipita pembeni yake, mgongo mbele, akashuka jabali lote na kugonga ukingo wa jiwe la chini kwa shingo.

Hakupiga kelele. Watu walipomfikia macho yalikuwa wazi.

"Dada," alisema, "niondoleeni pikipiki miguuni."

Pikipiki ilikuwa juu, mikononi mwa Mbuke. Miguuni mwa Bujiku hapakuwa na kitu.

Mama yao, Ng'washi, alifika hospitali kutoka Chimala akiwa amevaa kanga mbili na viatu vya mvua vya kulimia mpunga. Daktari alikuwa ameshasema: uti wa mgongo umeumia shingoni, miguu haitarudi, mikono labda kidogo. Mama alikaa kando ya kitanda, akaushika mguu wa mwanawe juu ya shuka, akauminya, akimtazama usoni kama atashtuka. Hakushtuka.

"Nani alimpandisha kwenye jiwe lenye maji?" aliuliza.

"Nilipanda mwenyewe, Mayu," Bujiku alisema.

"Mimi ndiye niliyechagua mapu, Mayu," Mbuke alisema. "Na nilijua mkono wake ni mbovu."

Mama hakuelewa mapu ni nini, na Mbuke alijaribu kumweleza, akashindwa. Lakini lile la mkono alilielewa. Tangu siku ile alimpokea Mbuke nyumbani, alimpa chakula na kumwuliza habari za kazi, ila hakumwita tena mwanangu.

Bujiku alirudishwa Chimala, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mashamba. Kwa miezi mingi alimtetea dada yake kwa kila mgeni. Kisha siku moja Mbuke alipokuwa akimlisha ugali, akageuza uso.

"Ungeniachia kali," alisema kwa sauti ya kawaida tu.

Mbuke aliweka sahani chini. "Ungeanguka vilevile."

"Hujui."

Kweli hakujua. Na lile ndilo lililokuwa likimla. Aliporudi Mbalizi hakuweza kugusa kazi ya mtu yeyote. Mteja akimwuliza kitu kidogo tu, aweke plagi ipi, alimwelekeza kwa fundi mwingine. Mwishowe akampigia simu Mika, akamwomba jambo ambalo Mika alilikataa, akamwomba tena, Mika akakubali. Walisubiri manyunyu. Wakaipeleka pikipiki ileile kwenye jabali lilelile, safari hii Liberatus akiwa amefunga kamba kwenye mti wa juu na Mika amefungwa kiunoni.

Kwa laini, injini ilikata palepale, na Mika akaning'inia kwenye kamba akitukana.

Mbuke akabonyeza swichi. Kwa kali, Mika alipanda. Aliteleza kidogo chini, akajipata, akafika pale panaposimama, akakunja mkono mara moja, na pikipiki ikaruka hadi kileleni. Alipanda tena, na tena. Kamba haikukaza hata mara moja.

"Lakini mimi nina vidole vyote," Mika alisema aliposhuka, akikwepa macho yake. "Dada Mbuke, mimi nina vidole vyote."

Mbuke alisaidia kukunja kamba, akashukuru, akapanda basi la kwenda Chimala.

Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Mbuke alimsalimu, "Shikamoo Mayu," akaitikiwa, akapita ndani. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akamwambia Bujiku kila kitu: mvua, kamba, Mika.

"Kwa kali ikapanda?" Bujiku aliuliza.

Njiani Mbuke alikuwa ameandaa jibu jingine. "Ikapanda."

Bujiku alitazama dari. Nje ungo ulikuwa ukisugua mchele, ukinyamaza, ukisugua tena. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta Mbuke alimfutia kwa kona ya kitenge chake. Alitegemea mdogo wake amwambie aondoke. Alikuwa tayari kuondoka.

"Kiuno kinaniuma upande huu," Bujiku alisema mwishowe. Kiuno hakikuweza kumuuma. Wote wawili walijua. "Nigeuze."

Mbuke aliingiza mikono chini ya mgongo wake, akamgeuza taratibu kuelekea ukutani, akaanza kusafisha kidonda kilichokuwa kimeanza kufunguka mgongoni. Mama alipoingia na beseni la maji ya moto, alisimama mlangoni akiwatazama, kisha akaliweka karibu na mguu wa binti yake na kutoka.