Mashimo Tisa Nyuma ya Nyumba Yetu

Barua ya kunisimamisha masomo ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mimi, Jacqueline, wa kidato cha tatu, nilibandika ubaoni tangazo la uongo lenye muhuri wa kuchonga kwa kiazi, nikiwajulisha wanafunzi wote kwamba kengele ya shule imefariki na kwa siku tatu hakutakuwa na kuamka. La pili, kwamba nisirudi mpaka mzazi aandike na kusaini kuwa kwa wiki mbili nimefanya kazi ya maana kwa mikono yangu. Kuhusu la kwanza sina la kuongeza. Watu wengi waliomboleza kwa dhati, wakiwa wamelala.

La pili ndilo lililoniumiza kichwa. Baba aliisoma barua hiyo mara mbili uani kwetu, hapa Mbinga mjini, suruali yake ikiwa bado nyeusi, maana anaendesha lori la makaa ya mawe. Mama yuko masomoni Songea, kwa hiyo hukumu ilitolewa na jaji mmoja.

"Nyuma ya nyumba kuna nafasi," alisema. "Lima bustani. Narudi baada ya siku kumi na nne. Nikikuta ulichopanda kimeota, nasaini. Nisipokuta, unakwenda Liuli kwa shangazi yako Edina. Utasoma shule ya kutwa na kuanika usipa."

Shangazi Edina nampenda. Lakini rafiki zangu wote wako bwenini, na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, hawacheki.

Siku tano nilizitumia kupanga. Nilichora kiwanja kwenye karatasi ya grafu, hatua saba kwa saba, nikakigawa miraba tisa: mchicha, figiri, karoti na kadhalika. Siku ya sita, kwa kukosa kamba, nilikata nyasi ndefu za kando ya uzio nikazilaza chini kwa mistari, minne ya kwenda na minne ya kukatiza, hadi ardhi ikafanana na karatasi. Katikati ya kila mraba nikamwaga mbegu. Pakiti zote zikaisha.

Jioni hiyo Bibi Albina, mama yake Baba, alifika kwa bodaboda kutoka Mkumbi, amekuja kutibiwa goti. Bibi ni mtu wa Kimatengo, ambacho mimi nakisikia kama redio ya jirani: najua inaongea, sijui inasema nini. Kwangu hutumia Kiswahili, kwa uchache. Alisimama muda mrefu akiitazama kazi yangu.

"Nani kalaza?"

"Mimi, Bibi."

"Wewe mwenyewe?" Alinikagua toka kichwani hadi miguuni kama aliyekuta mbuzi anasoma gazeti, akaingia ndani.

Kesho yake niliamka saa nne, kwa sababu shuleni hutuamsha saa kumi na moja na nilikuwa nafidia. Bustanini kulikuwa na mashimo matatu. Mchicha, figiri na karoti vilikuwa vimegeuka mashimo ya kufika gotini, na udongo umetupwa kuyazunguka.

Bibi alikuwa barazani akichambua maharage.

"Bibi, kuna mtu ameingia uani asubuhi?"

"Hakuna aliyeingia."

Sasa, mtu wa aina yangu akitendewa jambo lisiloeleweka huwaza kitu kimoja: nani ananilipizia? Niliwaza jirani yetu, Mzee Shukrani, ofisa ardhi kutoka Shinyanga. Mwaka jana getini kwake palionekana bango la kituo kipya cha bodaboda, na bodaboda zikaegesha hapo hadi mchana. Nilikwenda kwenye uzio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na msiba."

"Hatuna msiba."

"Basi mnazika nini?"

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Mimi? Kwetu, binti, mtu akichimba mashimo namna hiyo tunajua anatafuta almasi. Umepata?"

Nilimtazama usoni. Alionekana amechanganyikiwa kuliko mimi, na hilo halikunisaidia.

Siku ya nane mashimo yalikuwa sita. Jioni nikanyunyiza majivu kuzunguka bustani yote, mbinu ya kisayansi. Siku ya tisa mashimo yalikuwa tisa, na juu ya majivu kulikuwa na nyayo za viatu vya plastiki, yeboyebo, kutoka mlango wa jikoni na kurudi huko huko. Yeboyebo ya kushoto ilikuwa na ufa kisiginoni. Nilizitafuta zangu, nikaigeuza ya kushoto. Ilikuwa na ufa kisiginoni.

Basi nikajua kwamba mhalifu ni mimi, na kwamba nachimba usingizini. Usiku nikajifunga mguu kitandani kwa kanga. Mashimo hayakuongezeka tena, jambo lililothibitisha kila kitu. Mbegu sikuwa nazo. Nikaanza kukunja nguo za kwenda Liuli, wala nyuma ya nyumba sikwenda tena.

Siku ya kumi na nne Baba alirudi, tukaenda pamoja. Juu ya udongo uliozunguka mashimo, vishingo vya kijani vilikuwa vimeinuka kwa mistari.

"Maharage," alisema Baba. "Umepanda wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimewahi kudanganya kwa faida ndogo zaidi. Tatizo ni kwamba kweli sikuwa na uhakika.

"Sijui, Baba."

"Hujui?"

"Labda nilikuwa nimelala."

Bibi alitokea jikoni akichechemea, amevaa yeboyebo zangu.

"Nimepanda mimi," alisema. "Nimekuta nyasi zimelazwa miraba. Ningeziacha? Zikilazwa hivyo mwanamke anachimba, anazifukia, anapanda. Ndiyo ngoro."

Ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo, nimeziona maisha yangu yote kupitia dirisha la basi, zimejaa milimani kama sega la nyuki. Sikuwahi kuzitegemea mahali tambarare, nyuma ya choo.

"Bibi, si ulisema hakuna mtu?"

"Uliniuliza aliyeingia. Mimi nililala humu."

Baba alikunja barua. "Basi si kazi yake. Jacqueline, funga mzigo."

"Augustino," aliita Bibi, akimgeukia Baba. "Kule Mkumbi nyasi alikuwa analaza nani?"

"Mimi na baba."

"Kuchimba?"

"Wewe, Mama."

"Kupanda?"

"Wewe."

"Na wakwe zako walipokuja kuona shamba, uliwaambia amelima nani?"

Baba aliangalia viatu vyake. "Niliwaambia nimelima mimi."

"Nilikuwepo. Nilinyamaza."

Baba akaniomba kalamu. Aliandika akiwa ameegemeza karatasi ukutani, nami nikasoma begani kwake: *Binti amelaza nyasi kwa mikono yake. Maharage yameota.* Akasaini.

"Baba, mkuu wa shule ni mtu wa Tanga. Hataelewa."

"Utamweleza."

"Hata mimi sijaelewa vizuri."

"Basi lako ni Jumatatu," alisema Bibi, akinisogezea jembe dogo. "Anza kupalilia."

Niliinama, nikang'oa kijani cha kwanza nilichokiona.

"Hilo ni harage," alisema Baba.