Nani Anatoboa Visahani

Shangazi yangu alikuwa fundi wa mapazia ya visahani. Ndivyo alivyowaita wale wanyama bapa wa baharini ambao wakishakufa magamba yao hubaki meupe, ya mviringo, yenye alama kama ya ua mgongoni. Aliyatunga kwenye uzi, akichagua yale tu yaliyokuja na tundu tayari, maana ukijaribu kutoboa mwenyewe gamba linakupasukia mkononi.

"Wewe unayeshinda na wadudu wa maji," aliniambia siku moja, "hivi ni nani ananitobolea? Nataka nimshukuru."

Nilikuwa mhudumu wa matangi katika kituo cha utafiti. Nikacheka, nikamwambia aje Alhamisi asubuhi, siku ya kulisha.

Alikuja amependeza kama anayekwenda harusini. Nikamkalisha kando ya tangi, nikaweka mchangani kisahani aliye hai, wa kahawia, mwili mzima umejaa miiba mifupi inayochezacheza. Konokono mkubwa kama ngumi mbili akaibuka taratibu, akajiinua, akamlalia.

"Anamkumbatia," shangazi alisema.

"Anamtemea mate makali, shangazi. Yanalainisha gamba. Kisha anasugua kwa ulimi wenye meno mpaka lipatikane tundu, anaingiza mrija, anamla ndani kwa ndani."

Miiba iliyobaki nje ilikuwa bado inacheza. Kisha ikalala, upande mmoja kwanza, halafu yote. Shangazi alikuwa amenishika kiwiko.

"Mbona hakukimbia?"

"Mate yanampooza."

"Na hapigi kelele?"

"Hana sauti."

Konokono alipoondoka, aliacha tundu dogo, safi.

"Mume wangu alikuwa mgonjwa, chumba cha nyuma," shangazi alisema. "Mimi niko mbele natunga pazia la mteja, naimba. Kila nikimuuliza, ananijibu hajambo. Nilipompelekea chai, mwili ulikuwa umeshapoa."

Nyumbani kwetu tulikuwa tukiambiwa siku zote kwamba marehemu alimfia mikononi.

Jumapili nikaenda kumjulia hali. Mapazia yote yalikuwa yameshushwa na kufungwa ndani ya shuka, na shuka limesukumwa uvunguni. Alinivuta mpaka kwenye ukuta wa chumba cha nyuma.

"Weka sikio, mwanangu. Kuna kitu kinasugua."

Niliweka. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia hakuna kitu, ni mawazo tu. Sikumwambia.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta getini kabla yangu. Nilipoweka kisahani mchangani, alikaa, akabandika kiganja kwenye kioo karibu na huyo mnyama, akaanza kumsemesha kwa sauti ya chini: yeye ni nani, nje kuna jua, yupo hapo, haendi popote. Hakunyanyuka mpaka miiba ilipolala.

Huu ni mwaka wa tatu. Mlinzi humfungulia bila kuuliza, na bosi wangu husema huyo mama hana neno. Akianza kuongea, mimi hutoka nje kuosha nyavu, na bomba hulifungua hadi mwisho.