Ukuta wa Tribunali

Ismaël alikuwa mwashi wa Kasongo, mtu wa miaka hamsini na mbili, na sifa yake ilikuwa moja: akikuambia ukuta utasimama, unasimama. Ndiyo sababu wazazi wa kijiji kimoja kati ya Wamaza na Lusangi walimtumia pikipiki. Upepo ulikuwa umeng'oa nyasi za paa la shule yao kwa mara ya pili, na sasa walitaka kujua kama tribunali ya zamani, ile mahakama iliyojengwa na Wabeleji kule kilimani, ingeweza kuezekwa upya watoto wakasomea humo.

Rachelle, directrice, yaani mwalimu mkuu wa shule, alimpandisha kilimani mwenyewe, asubuhi, umande haujakauka. Walipotokeza mbele ya baraza akasimama.

"Babu yangu walimupigia fimbo hapa," alisema. "Hapa kwenye ngazi. Alikataa kulima pamba. Miye nataka vitukuu vyake wasome humu humu ndani."

"Tuone kwanza nyumba inasema nini," Ismaël akajibu.

Nyumba ilisema vizuri. Bati zilikuwa zimekwenda tangu vita, milango ilichomwa na askari waliowahi kulala humo, na mti ulikuwa umeota mahali pa kiti cha hakimu ukatoa kichwa nje pasipo paa. Lakini kuta za mbele zilisimama wima. Ismaël alizigonga kwa mpini wa mwiko, moja baada ya nyingine, na kila tofali lililia kama chungu kizima. Alishusha timazi, akaona uzi umelala sawasawa na ukuta. Akacheka peke yake. Alianza hata kuhesabu mbao za paa kichwani.

Furaha ile ilikatika ndani ya ukumbi. Sakafu ilikuwa na nyayo za matope mekundu, mabichi. Mwishoni mwa ukumbi ulisimama ukuta mnene wenye tao, na nyuma ya tao ndipo vilipokuwa vyumba viwili vya mahabusu, kila kimoja na tundu lake la dirisha. Chini ya ukuta ule, upande wa ukumbini, mtu alikuwa amechimba shimo refu kama kaburi la watu wanne. Ndoo na kamba zilikuwa pembeni, pamoja na baramini, lile chuma refu la kuvunjia mawe. Msingi wa ukuta ulikuwa unaning'inia kama jino lililoliwa ufizi, na kilichoushikilia ni miti mitatu tu, iliyosimamishwa shimoni.

"Dhahabu," Rachelle alinong'ona. "Wachimbaji wamekuja mpaka huku."

Ismaël alishusha timazi mbele ya ukuta. Uzi uliacha tofali kwa upana wa vidole vitatu. Ukuta ulikuwa umeinamia ukumbini.

"Mama Directrice, tutoke. Huu ukuta iko unaanguka."

Hapo ndipo waliposikia mtu akiugua.

Sauti ilitoka katika chumba cha mahabusu. Rachelle hakungoja, alipita chini ya tao, na Ismaël akamfuata. Kijana wa miaka kama ishirini na mitano alikuwa amelala sakafuni, mikono imefungwa nyuma kwa waya, uso umevimba hata jicho moja halikuonekana. Kucha mbili za mkono wa kulia hazikuwepo.

"Glody!" Rachelle alipiga magoti. "Huyu nilimufundisha miye. Glody, nani amekufanya hivi?"

"Magloire," kijana alisema kupitia meno yaliyovunjika. "Anasema nimemeza jiwe lake la dhahabu. Sijameza kitu, mama."

Jina hilo lilimwingia Ismaël kifuani kama maji baridi. Alimjua Magloire mmoja. Alimfundisha uashi miaka minne pale Kasongo, akala naye sahani moja, mpaka siku kijana alipotupa mwiko na kukimbilia machimbo. Akajiambia majina hufanana. Akaingiza ncha ya mwiko chini ya waya na kuanza kuupinda.

Waya haukukatika kwa wakati.

"Acha."

Mlangoni alisimama mtu mwenye panga, jina lake Pitchou. Nyuma yake alikuja Magloire mwenyewe, mnene sasa, buti za mpira miguuni na nyundo mkononi. Wachimbaji walimwita PDG, yaani bosi mkuu, kama wanavyomwita kila mwenye shimo. Alimtambua Ismaël mara moja.

"Mufundi wangu," alisema. "Nani amekutuma hapa?"

"Wazazi wa shule. Magloire, fungua huyu mutoto."

"Huyu si mutoto, ni mwizi."

Rachelle alisimama katikati yao na Glody. Alimwambia Magloire kwamba atamchukua kijana huyo, na atakwenda moja kwa moja kwa polisi wa Kabambare kusema alichokiona. Hakumaliza. Pitchou alimpiga ubapa wa panga shavuni, akayumba, lakini hakuondoka. Pigo la pili halikuwa la ubapa. Rachelle alikinga kwa mkono, na nyama ikafunguka kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo. Alikaa chini polepole, akashika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na damu ikamjaa mapajani.

Ismaël aliruka. Alimfikia Pitchou shingoni, akambana ukutani, na kwa nukta moja alidhani ataweza. Kisha nyundo ya Magloire ikamshukia mkono wa kushoto. Alisikia vidole vikivunjika kabla hajasikia maumivu.

"Ningeweza kukupiga kichwa," Magloire alisema huku akihema. "Nimekuheshimu."

"Magloire, nisikilize," Ismaël alisema kutoka sakafuni. "Niue ukitaka. Lakini ule ukuta unasimama juu ya miti mitatu. Leo ama kesho utaanguka."

"Miye pia nilijifunza kuta. Nilijifunza kwako."

"Ulitoroka kabla ya msingi."

Pitchou alicheka, na kicheko hicho kilimuuma Magloire. Akamvuta Ismaël kwa ukosi mpaka ukumbini, akamsukuma shimoni. "Basi tengeneza! Mufundi mukubwa, simamisha hiyo miti vizuri. Ukimaliza, nitaona nikufanye nini. Pitchou, kaa hapa naye. Akisimama tu, kata."

Magloire akasimama kwenye ukingo wa shimo, upande wa ukumbini, nyundo begani. Pitchou akachuchumaa karibu yake, panga magotini.

Ismaël alikuwa shimoni na baramini mkononi, ule mkono mmoja mzima. Aliitazama miti. Wa katikati ulibeba karibu uzito wote. Ile mingine miwili ilikuwa imelegea. Alijua uzi wa timazi ulivyosema: ukuta ungelala ukumbini. Vyumba vya nyuma vilikuwa na kuta zao, vingesalimika. Kati ya shimo na tao palikuwa na hatua mbili.

Akamsikia Glody akilia kule nyuma, akimwita Rachelle, na Rachelle hajibu.

"Nasema mara ya mwisho," Ismaël alisema. "Toka hapo, Magloire. Nenda nje, nitakaa humu na Pitchou."

"Fanya kazi."

Alipiga mti wa katikati kwa nguvu zake zote. Haukutoka. Pitchou alidhani ni kazi. Magloire hakudhani hivyo. Aliyekuwa mwanafunzi wa Ismaël kwa miaka minne aliona mahali baramini ilipogonga, akaelewa. Nyundo ilimtoka mkononi.

"Mufundi!" aliita, na sauti ilikuwa ile ya ujana wake, ya kule Kasongo, alipokuwa akiita kuomba udongo.

Ismaël alipiga tena. Mti uliruka. Akajirusha juu, akapita chini ya tao akitambaa kwa viwiko, na nyuma yake ukuta ukashuka. Haukunguruma alivyotarajia. Ulikohoa mara moja, kisha vumbi likajaa kila mahali na hakukuwa na pumzi.

Alimkuta Rachelle hai, midomo myeupe. Alivua shati, akamfunga mkono, akikaza kwa meno. Akamalizia waya wa Glody. Kisha akarudi kwenye rundo la matofali na kuanza kuyatupa pembeni, moja moja, kwa mkono mmoja.

"Unafanya nini?" Rachelle aliuliza.

"Wako chini."

"Waache, Papa Ismaël. Waache wafe!"

Hakuacha. Watu wa kijiji walipofika, wamevutwa na vumbi, walimkuta bado anachimba. Walimtoa Pitchou akiwa hai, miguu yote imesagika. Magloire walimtoa mchana, amekufa, mikono juu ya kichwa.

Kwa mkuu wa kijiji, Rachelle alisema ukuta ulianguka wenyewe, na Glody akasema vivyo hivyo. Kila mtu aliridhika. Pitchou peke yake, akiwa juu ya machela, alipiga kelele kwamba mufundi ndiye aliyeuangusha, lakini nani angemsikiliza Pitchou? Ismaël alisubiri wanyamaze.

"Anasema kweli," alisema. "Niliangusha miye."

Walimpeleka Kabambare, polisi wakamhoji siku tatu, wakaona alikuwa akijiokoa, wakamwachia. Baadaye mkono wa Rachelle ulipona umekakamaa. Vidole vya Ismaël vilipona viwili tu kati ya vitano. Lakini siku aliyorudi Kasongo kutoka Kabambare hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Léontine, mama yake Magloire, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, amevaa nguo ya msiba.

"Umekuja kunipa pole," alisema bila kumtazama.

"Nimekuja kukuambia, mama. Nilimuua miye. Si ukuta."

Mchi ulisimama. Léontine aliuliza kwa sauti ndogo, "Alikuona?"

Ismaël alifikiria kusema hapana.

"Aliniona. Aliniita."

Mama yule alimpiga na mchi begani, kisha mgongoni, kisha penye mkono uliofungwa bandeji, na Ismaël akaanguka juu ya goti moja bila kuinua mkono kujikinga. Majirani walikuja wakikimbia, wakamshika mama. Aliwaponyoka akampiga tena, mpaka nguvu zikamwishia, akakaa chini kando yake, majani ya sombe yamewatapakaa wote wawili.

"Alisema neno gani?" aliuliza.

"Alisema 'Mufundi'."

Léontine alilia hapo. Kisha akawaambia majirani wamtoe mtu huyu uani kwake, na wasimruhusu kukaa matangani. Wakamtoa. Alikwenda akishikilia ukuta wa jirani, hatua kwa hatua, mpaka barabarani.