Kufuli la Nyumba ya Mota

Makarius alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Laiti angekuwa mjinga, angepata pa kujificha.

Alirudi kijijini, karibu na Chanzuru, mwaka wa sabini na mbili, akitoka kozi ya miezi sita Dar es Salaam, na hata begi hajalifungua akatangaza kwamba mota ya kijiji ataitia akili. Mota hiyo ilivuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi lililojengwa mwinukoni, kwa umeme wa jenereta la shamba la mkonge. Tangu enzi za mwenye shamba hilo, aliyeiwasha na kuizima alikuwa mzee Lazaro, mguu mmoja mbovu, masikio mazima. Alikaa mlangoni pa nyumba ya mota akisikiliza maji yanavyoanguka tangini. Sauti ikibadilika kidogo, kidogo ambacho wewe na mimi tusingekisikia, mzee alijikongoja akazima.

Makarius akaweka boya tangini na kuliunganisha kwa waya na rilei, kidude chenye sumaku na vidole viwili vya shaba. Maji yakipungua boya linashuka, vidole vinagusana, mota inawaka. Maji yakijaa vidole vinaachana, mota inazimika. Rilei yenyewe aliitoa kwenye simu kuukuu. Mwalimu wake wa kozi alikuwa amewaambia mpaka wakachoka: rilei ndogo ni karani, kazi yake kutoa amri, gunia abebe mpagazi. Maana yake, kati ya rilei na mota iwepo swichi kubwa ya kubeba umeme wenyewe. Swichi hiyo Kilosa nzima haikupatikana, ilibidi iagizwe na kusubiriwa miezi. Na Makarius alikuwa ameshasema mkutanoni kwamba kabla ya Saba Saba mota itajiendesha yenyewe. Basi akambebesha karani gunia.

"Na mzee Lazaro je?" aliuliza mwenyekiti, ndugu Nikolaus.

"Mashine hii haihitaji mtu wa kuitegea sikio," Makarius akajibu, na watu wakacheka. Akanyoosha mkono kuupokea ufunguo wa kufuli la mlango kwa mzee mwenye umri wa baba yake. Hata shikamoo alisahau.

Siku ya Saba Saba kijiji kizima kilipanda lori kwenda Kilosa kwenye sherehe. Lazaro alibaki kwa sababu ya mguu. Nyuma yao, chini ya tangi, yalibaki matofali mabichi elfu sita yaliyopangwa kwa mistari yakingoja kuchomwa. Yalikuwa ya zahanati. Wiki tatu watu walikuwa wamekanyaga udongo, wazee kwa watoto, maana mama mwenye uchungu bado alibebwa kwa machela mpaka mjini.

Walirudi jua halijazama, wanaimba. Wimbo ukakatika ghafla. Matofali yalikuwa uji mtupu. Lazaro alikaa mlangoni pa nyumba ya mota, tope mpaka magotini, na kufuli lililovunjwa liko chini kando ya jiwe.

"Mota haikupumzika," alisema. "Tangi lilikuwa linamwaga. Nimeita, hakuna mtu. Ufunguo sina. Nikavunja, nikazima."

"Ulivunja uzime, au ulivunja uwashe?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na watu wakaanza kunong'ona. Kila mtu alijua mzee ameumia tangu anyang'anywe kazi.

"Ndugu fundi," Nikolaus akasema, "ingia utazame."

Makarius akaingia peke yake. Vile vidole vya shaba vilikuwa vimeungua na kushikamana. Hata kama boya lingepanda mpaka mbinguni, visingeachana. Alielewa mara moja: gunia limemshinda karani. Sijui ni nani aliyeutoa mkono wake mfukoni na kisu, lakini kisu kilitoka. Akavibandua vidole, akavikwangua, akavifuta kwa pindo la shati mpaka vikang'aa.

"Chombo ni kizima," alisema alipotoka.

Lazaro akamtazama usoni, kisha akalitazama lile pindo la shati, jeusi kwa masizi. Jioni ile mkutano ukaamua: mzee na mkewe Yunis watafyatua upya matofali yote elfu sita.

Siku nne Makarius hakula chakula kikashuka. Asubuhi alikutana na mama Yunis na debe la maji kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akapita na debe lake. Laiti angemtukana! Makarius aliona aibu hadi kwenye nyayo, akatamani kungekuwa na njia nyingine ya kwenda kisimani.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, akasimama mbele yao. "Nilidanganya," akasema. "Rilei yangu ndiyo iliyoganda. Mzee aliokoa, hakuharibu. Njooni niwaonyeshe."

Wakamfuata. Akalishusha boya, rilei ikalia ta, mota ikawaka. Akalipandisha, ta, ikazimika. Mara ya pili, ya tano, ya kumi. Makarius akaanza kumwomba Mungu chombo chake kiharibike, ombi ambalo nadhani hakuna fundi aliyewahi kuliomba. Lakini alikuwa amevikwangua vizuri mno, na vidole viliachana kwa adabu kila mara.

Nikolaus akamshika bega. "Tumekuelewa, ndugu. Unambebea mzee kosa lake. Huo ndio ujamaa wenyewe."

"Hapana! Nasema kweli, mimi ndiye..."

"Mwoneni alivyolelewa!" akina mama wakasema, vigelegele vikapigwa. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumpenda. Hapo hapo wakakubaliana kwamba, kwa heshima ya fundi, mzee apunguziwe matofali elfu mbili, na mota iendelee kujiendesha, maana wote wameiona ni nzima.

Makarius akateremka kwenye shimo la matofali alikokuwa Lazaro, akavua viatu vyake vya Dar es Salaam, akaingia kwenye udongo. Waliopita juu walimpungia mkono. "Hongera, fundi! Mungu akubariki!" Kila hongera ilimchoma, wala hakuwa na pa kuitupa.

Watu walipokwisha kupita, akautoa ufunguo mfukoni, akaushika kwa mikono miwili na kupiga goti.

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Pokea ufunguo wako."

Lazaro aliutazama. Alifuta tope mikononi, Makarius akadhani anataka kuupokea.

"Ufunguo wa nini, mwanangu?" alisema. "Kufuli si nililivunja?"

Akamsogezea kalibu ya matofali. Huko juu rilei ikalia ta, mota ikaanza kunguruma, maji yakasikika yakianguka tangini. Wote wawili wakaacha kazi, wakainua vichwa, wakasikiliza kama itanyamaza.