Turubai Jeusi la Kharumwa

Zipora alikuwa ametazama kwenye simu jinsi makampuni makubwa yanavyotangaza gemu zao mpaka macho yakamuuma. Wengine walikodi ukumbi mkubwa, bosi akapanda jukwaani, watu wakapiga mayowe. Wengine walitoa video fupi yenye moshi mtupu na muziki. Waliomkosha ni wale waliobandika tarehe tu, bila picha wala jina, wakakaa kimya, na dunia nzima ikashikwa kiherehere. Naye, binti wa Kharumwa, mji wa wachimbaji dhahabu, mwenye kompyuta iliyopasuka kioo, akasema moyoni: nami nitakaa kimya.

Gemu yake aliitengeneza kwa miaka mitatu. Mchezaji anashuka kwenye duara, lile shimo refu la wachimbaji, tochi kichwani, si kutafuta dhahabu bali kuwatoa watu waliofukiwa. Aliianza baada ya kaka yake Donatus kushuka asubuhi moja asipande tena. Tangu siku hiyo baba yao, mzee Mayala, aliacha uchimbaji, na neno duara halikumtoka tena kinywani. Zipora alijiapiza: wachimbaji wakiicheka, ataifuta yote.

Mzee Rajnikant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimwazima baraza na televisheni kubwa. Zipora akaizungushia baraza turubai jeusi, akaandika kwa chokaa: JUMAMOSI, SAA KUMI JIONI. Aliyeuliza alijibiwa kwa tabasamu. Mzee Rajnikant naye, kwa kuihofia televisheni yake, akaweka mlinzi.

Jamani! Turubai, mlinzi, na watu wasiosema! Kwingine labda watu wangepita zao. Kharumwa, ukiyaona hayo matatu mahali pamoja, basi mtu kapata dhahabu na anaificha. Alhamisi wapita njia walianza kuinama kukagua udongo. Ijumaa mama lishe wawili wakahamishia masufuria yao mbele ya duka. Jumamosi bodaboda zikawa zinaingia kwa misafara kutoka Geita, na watu wakajipimia maeneo kandokando ya barabara kwa kamba na vigingi.

"Binti yangu," mzee Rajnikant alinong'ona, "wewe umetangaza gemu au mfumuko wa dhahabu?"

Zipora akachungulia kwenye tundu la turubai. Watu! Hata mikutano ya kampeni haikupata kujaza namna ile. Sururu, makarai na machepe mpaka kule kona ya soko, na wote wametulia wakimngoja yeye. Mbele kabisa alisimama baba yake, mkononi ameshika moko, ile patasi ya kupasulia mwamba ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka mitatu.

Saa kumi akavuta kamba. Turubai likaanguka.

"Televisheni?" mtu alifoka. "Tumeacha maduara yetu tuje kutazama televisheni?"

Sururu zikainuka. Mzee Rajnikant akafumba macho. Zipora hakuwa na hotuba, akabonyeza tu kidude cha kuchezea.

Kwenye kioo likatokea shimo, kamba, mwanga mwembamba wa tochi. Kisha, kutoka chini kabisa, ikasikika nyundo ikigonga mwamba: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Sururu zikabaki hewani. Hakuna mchimbaji asiyeijua alama hiyo. Ni aliyefukiwa anayesema yuko hai.

"Yuko kushoto," mtu akasema kwa sauti ndogo. "Usichimbe! Weka magogo ya matimba kwanza, yashike udongo!" Watu wakavua kofia, mmoja baada ya mwingine.

Mzee Mayala akapanda barazani. Akaweka moko chini.

"Nipe hicho kidude, ng'wanone, mwanangu."

Alicheza polepole, akisimika timba baada ya timba. Mwamba wa mwisho ulipofunguka, ukatokea uso uliojaa vumbi, na umati ukalipuka kwa vigelegele mpaka mabati yakatetemeka.

Mzee Mayala hakushangilia.

"Donatus naye aligonga," alisema. "Nilimsikia. Siku mbili nilikuwa namjibu kwa kugonga mwamba, halafu akanyamaza. Sijamwambia mtu."

Zipora akamshika bega, machozi yakimtiririka. Chini ya baraza sururu zilikuwa zinalazwa moja moja, watu wakipanga foleni.

"Irudishe mwanzo," baba yake akasema. "Nimechelewa kwenye lile timba la tatu."